Maneno Niliyomtilia Kipara Kinywani

Mpendwa Mshauri,

Baada ya salamu na heshima zinazokustahiki, naomba uniruhusu nikufikishie jambo ambalo, pamoja na elimu yote niliyojaaliwa kuipata hadi kutunukiwa shahada ya Chuo Kikuu, nimeshindwa kulitatua, na ambalo kila siku inayopita linamuumiza mtu asiye na hatia.

Mimi ni kijana wa miaka ishirini na minane, mzaliwa wa Bububu, na sasa ni mtumishi wa ofisi moja mjini. Tangu televisheni ilipotufikia mwaka huu na seti moja ikawekwa katika jumba la mkusanyiko la mtaani petu, nimekuwa nikijitolea kila Jumanne, baada ya sala ya Magharibi, kuwafasiria wenzangu mchezo mmoja wa mapigano, ambao wachezaji wake husema Kichina na chini ya picha hupita maandishi ya Kiingereza. Mimi husimama ubavuni mwa seti, nikayasoma maandishi yale na kuyasema kwa Kiswahili, na sikufichi kwamba nilipenda sana kusikilizwa. Shujaa wa mchezo huo watu wamembandika jina la Kipara, kwa kuwa amenyoa kichwa chote, na msichana aliyekua pamoja naye katika ua wa mwalimu wao wa ngumi wanamwita Bi Mwavuli, kwa kuwa hupigana kwa mwavuli.

Wiki tatu zilizopita Kipara alirejea katika ua ule baada ya miaka saba ya kujifunza mapigano milimani. Alikuta majani yameota, gunia la mchanga walilokuwa wakilipiga utotoni bado linaning'inia, na Bi Mwavuli amesimama kisimani, keshachumbiwa na mtu mwengine. Wakatazamana, na jumba zima likanigeukia mimi.

Hapana budi nieleze kwamba katika mkeka wa mbele, upande wa wanawake, alikuwepo Mwatum. Kabla sijavuka bahari kwenda kusoma, miaka sita iliyopita, mimi na yeye tuliahidiana, na kwa sababu ya ua la kilua alilozoea kulichomeka nywelani nilikuwa nikimwita Kilua, jina ambalo hakuna mwengine aliyelijua. Mwaka wa kwanza nilimwandikia kila mwezi, kisha nikachaguliwa katika kamati hii na ile, nikajiona ninapanda, na barua yake ya mwisho, aliyoniuliza kwa upole kama angoje wazee wangu au asingoje, niliisoma, nikaikunja, nikaitia katikati ya kitabu na sikuijibu hadi leo. Tangu nirejee hatujasemezana, na sasa ameposwa na Mwalimu Masoud, anayesomesha Kiingereza, naye pia alikuwepo siku ile, katika benchi la nyuma.

Maandishi yaliyopita chini ya picha yalikuwa mafupi: Kipara alisema, "Naomba maji, safari yangu bado ndefu." Lakini mimi, Mshauri, sijui ni kitu gani kilichonipata, nilifungua kinywa nikasema: "Kilua wangu, uliniuliza ungoje au usingoje, nami sikukujibu. Si kwamba sikuwa na jibu. Nilidhani utakuwepo tu."

Bi Biasha, jirani yetu asiyekosa kipindi hata kimoja, akapaza sauti: "Loo! Kumbe na Uchina kuna kilua?"

"Kipo, lakini hakinukii kama cha kwetu," akajibu mzee Nahodha. "Ndiyo maana yule bwana kakiwacha miaka saba!"

Kicheko kikazagaa, na pale Bi Mwavuli alipochota maji akampa Kipara, watu wakapiga makofi wakisema, "Kasamehewa! Kasamehewa!" Mwatum hakucheka. Alijifunika buibui hadi puani na akabaki ameketi mpaka mwisho, kwani angaliondoka kila mtu angalijua.

Mlangoni Mwalimu Masoud alinipa mkono. "Hongera, bwana. Leo umefasiri mpaka yasiyoandikwa."

"Kufasiri kuna uhuru wake, mwalimu."

"Ndiyo. Na huyo Kilua ni nani?" akauliza, macho yake yakimfuata Mwatum aliyekuwa akitoka na buibui lake usoni.

Nikamwambia kwamba baskeli yangu sikuifunga, nikaondoka.

Ijumaa iliyofuata wazee wa Masoud walikuwa waende kupanga siku ya nikaha. Hawakwenda, wala Ijumaa ya pili na ya tatu hawakwenda, na tayari watu wameanza kuulizana mferejini, wanapoteka maji, ni aibu gani iliyoonekana kwa binti wa watu. Juzi Bi Tabia, shangazi yake, alinijia ofisini, akakataa kiti. "Mwatum kanituma neno moja," akasema. "Aliyeyatia maneno, ayatoe."

"Hilo tu, shangazi?"

"Hilo tu. Nami nnakwenda zangu, nshachelewa."

Nimelitafakari neno hilo kwa makini. Mtu hutoa kauli, hutoa ahadi, hutoa hoja; kwa hiyo nimeelekea kufahamu kwamba Mwatum ananitaka niyatoe hadharani yaliyomo moyoni mwangu. Je, nipeleke wazee wangu kwao kabla wazee wa Masoud hawajakwenda, au nifanye nini? Majuto yananila, na ushauri wako nitaupokea kwa adabu.

Wako mtiifu,
Mfasiri wa Bububu

*

Mwanangu Mfasiri,

Kwanza ushukuru kwamba barua yako imepitia mikononi mwangu. Uliyaandika majina yote kama yalivyo, na mtaa, na hata skuli anayosomesha yule bwana. Yote nimeyabadilisha, na mchezo wenyewe nimeugeuza sura. Ulikuwa unataka kumfedhehesha binti wa watu mara ya pili, safari hii gazetini?

Nakuhurumia. Kumwona uliyempenda ameketi hatua chache mbele yako, nawe huna haki hata ya kumuuliza hali, ni adhabu nzito. Lakini adhabu ni yako, na sasa Mwatum ndiye anayeitumikia.

Umekisoma Kiingereza ukakijua, na neno la Kiswahili ulilonyonya kwa mama yako limekupita. Mwatum hakusema uyaseme. Kasema aliyeyatia ayatoe. Aliyetia mkono katika chungu cha watu akiambiwa autoe, haambiwi auoneshe, anaambiwa auondoe! Wewe umelifasiri neno lake kwa tamaa yako, kama ulivyomfasiri yule Mchina.

Unauliza habari ya kupeleka wazee. Wazee hao walikuwepo miaka sita iliyopita, na nyumba yao Mwatum ilikuwa pale pale. Wala usijidanganye kwamba siku ile uliomba radhi. Ulisema na mtu asiyeweza kukujibu: akijibu aibu yake, akiondoka aibu yake. Makofi yale alipigiwa Kipara kwa kupewa maji. Wewe hujasamehewa na mtu.

Sasa sikiliza la kufanya. Nenda kwa Masoud, peke yako. Mwambie maneno yale yalikuwa yako, na kwamba Mwatum hakukutuma, hakujua, na tangu urejee hamjapata kusemezana. Mwambie alikuandikia barua ya heshima ukashindwa kumjibu, na kosa lote ni lako. Usimweleze shahada yako. Akikutukana, pokea. Akikuuliza kama bado unampenda, usiseme uongo, lakini umwambie pia kwamba hilo ni lako, yeye Mwatum halimo moyoni mwake. Kisha umuombe wazee wake waende Ijumaa hii, wasingoje nyengine, maana kila Ijumaa inayopita inamwongezea binti yule maneno mferejini.

Jumanne, kabla ya mchezo kuanza, waambie watu: "Siku ile ya kisimani nilikosea kufasiri. Kipara aliomba maji tu." Watakucheka, na huyo mzee Nahodha hatokosa la kusema. Wacha wakucheke. Usieleze zaidi, na usimtazame yeyote katika ule mkeka wa mbele. Baada ya hapo mpishe mwengine anayejua Kiingereza, ukae nyumbani Jumanne.

Na kama Masoud atauvunja uchumba juu ya yote hayo, usithubutu kupeleka posa siku ya pili yake, ukajifanya mwokozi wa nyumba uliyoitia moto mwenyewe. Barua usimwandikie. Salamu kwa shangazi usipeleke. Neno lake umekwishalipata.

Nenda siku hiyo hiyo utakayosoma haya, alasiri, Masoud atakapotoka skuli. Usiandae hotuba. Jina la Mwatum ulitaje mara moja tu, useme hana kosa, uondoke.

Bi Mwanakheri