Wavu Uliochomwa Maparoni

Jumanne. Mawingu tangu alfajiri, na mvua haitaki kunyesha.

Kosa la wengi ni kudhani kila wavu wenye matundu madogo ni wa mharibifu. Wanatazama tundu, hawatazami kazi.

Jana walichoma wavu wangu.

Nieleze kwanza, maana nimezoea kueleza. Ule wavu una umbo la faneli ndefu: mdomoni duara la chuma, mkiani kikopo. Unaukokota taratibu nyuma ya mtumbwi, maji yanapita, na kikoponi wanabaki viumbe wadogo sana wanaoelea baharini, labda kijiko kimoja. Humo mna vitoto vya kamba. Kila bamvua, maji yanapojaa kupita kawaida, nilitoka nao, kisha nikavitazama kwa hadubini niliyoazima shuleni. Nilitaka ushahidi wa kupeleka wilayani Kibiti kwamba mlango wa mto wetu hapa Maparoni ni kitalu, ufungwe kwa wavuvi wakati kamba wangali wachanga. Kikao ni Alhamisi. Lilibaki bamvua hili tu ushahidi ukamilike.

Jana nilikwenda Mahege kuzika. Wavu niliuacha uani, kivulini, kwa sababu jua kali huuchakaza uzi wake. Nyuma yangu kikundi cha kulinda fukwe kikapita na msako.

Nilimfuata mwenyekiti wao, Athumani, niliyemfundisha darasa la sita. Alisimama kunipokea.

"Shikamoo, Mwalimu. Si wewe uliyetuambia, tundu lisilopitisha kidole ni moto?"

"Marahaba. Nilisema chandarua."

"Basi usikasirike. Tutakushonea mwingine, vyandarua vipo tele."

Wenzake wakacheka.

Kamba aliyeanguliwa juzi hupita kwenye chandarua kama mbuzi kwenye ua uliobomoka.

Wala moto wenyewe sio unaonikera. Msako mzima ulipata wavu mmoja. Wanaokokota vyandarua usiku hawavianiki uani.

Alhamisi nitasimama mbele ya kikao, wataniuliza bamvua hili limeonyesha nini, nami sina cha kusema. Mto utabaki wazi. Kamba watazolewa wakiwa wadogo kama ukucha, na mwakani Athumani huyuhuyu atakuja barazani kwangu kuniuliza kamba wamekwenda wapi.

Wewe unayesoma, kama kijijini kwenu kuna wavu uliokamatwa, nenda leo, kabla ya kiberiti, ukamuulize mwenyewe wavu huo ni wa kazi gani.