Jengo Lililopakana na Kaburi Lako

Baba,

Assalaam alaikum. Lile ghorofa la nguzo zilizopasuka, lililopakana na makaburi yetu hapa Tandale, halipo tena. Nimelibomoa mimi, mwanao Mwajuma, na hakuna hata kipande cha zege kilichokuangukia. Nimeona nikwambie mwenyewe, maana Kaka Idi akikusimulia atajisifu yeye.

Siku ya kukuzika nilibaki ndani na kina mama, wewe ukaondoka na wanaume. Tangu hapo sikuwahi kufika ulipo. Kazi ndiyo iliyonisogeza. Tulipopanda juu kukagua, Idi alininyooshea kidole: pale, chini kabisa ya ukuta. Nikakaa palepale kwenye zege, vijana wangu wa kazi wakadhani presha imenipanda.

Mkandarasi alitaka kijiko, ile mashine ya kuchimbia, kije kiliangushe lote siku hiyohiyo. "Sista, unahangaika nini? Hao washakufa, hawaumii." Nilimkodolea macho mpaka akaangalia pembeni. Nikamwambia, "Braza, ukileta kijiko tafuta na fundi mwingine. Hapo kalala baba'angu." Akaguna, akaniachia.

Wewe hukuwa unagusa nyundo kabla hujapiga hodi kwa majirani. Watu walikuwa wanacheka, fundi mzima anaulizia vitanda: "Vichwa mnalaza upande gani?" Ukishaonyeshwa, upande huo haupigwi, unakatwa taratibu. Basi na mimi niliwasalimia majirani zangu wa safari hii, wote. Idi, aliyekuteremsha kaburini, akanionyesha kichwa chako kilipo.

Tulianza juu, tukashuka nalo kidogo kidogo. Upande wa barabara vijana walipiga nyundo wakiimba singeli. Upande wako nilikataza. Niliuegemeza kwa mirunda, nikafunga turubai, nikakata kwa grinda vipande vya kubebeka, vikashushwa kwa kamba. Mkandarasi alilalamika kila siku kwamba namchelewesha. Nilimwacha alalamike. Nguzo ya mwisho ilipokuwa inavutwa nilishindwa kutazama, nikafumba macho kama mtoto anayechomwa sindano. Nilisikia kishindo, kisha Idi akapiga takbiri. Nguzo ilikuwa imelala upande wa barabara.

Mzee anayetunza makaburi alikuja kukagua, akazunguka kote na fimbo yake. Akauliza, "Fundi wenu nani?" Nikajitokeza na vumbi langu hadi kwenye kope. "Shikamoo babu. Ni mimi, binti wa Fundi Shomari." Akanitazama sana, akasema, "Marahaba. Nimekuona." Baba, najivunia. Nasema wazi, najivunia kuwa mwanao na najivunia mikono yangu.

Lala salama, mwalimu wangu. Kitu kimoja tu kilinishinda kukizuia: vumbi. Lilipita juu ya turubai, likatua juu yako na wenzako wote. Mtunzaji ameniruhusu kuingia makaburini. Ijumaa nitakuja na Mama, nitakuja na ufagio, nikufagie mwenyewe.

Mwanao,
Mwajuma