Memory ya Redio

Waruguru, wa boda amewasha, naenda Ruiru. Githeri iko kwa sufuria, ipashe.

Ulisema kompyuta ya marehemu mama yako inakwama juu memory ni kidogo. Asubuhi nilitaka kumsikia akiimba, ikakwama. Nikatoa memory kadi ya redio yangu, nikaisukuma ndani na kisu mpaka kitu kikavunjika. Sasa inalia pii pii, kioo ni giza. Usinicheke. Hukusema memory ziko aina mbili.

Fundi wa hapa Kamenu anasema ni ya kutupa. Na sauti ya mama yako haiko mahali pengine. Nampelekea Owino, fundi wa Ruiru, yeye huongezea hizi za zamani memory. ~~Nitarudi jioni.~~ Sijui nitarudi lini.

Kuku wamekula. Tabby ameenda shule. Mama yako nimembeba kwa gunia.

Baba