Kikao cha Saba cha Kamati ya Gazeti la Mtaa: Habari ya Paa na Barua ya Mfuko

Tarehe: Jumatano, 12 Juni, saa kumi alasiri
Mahali: Chumba cha mbele cha ofisi ya gazeti, mashine ya kuchapia ikiwa imezimwa ili watu wasikilizane

Waliohudhuria: Mwenyekiti (mtoto wa kwanza wa marehemu mwasisi), Mhazini (dada wa mwasisi, shangazi wa Mwenyekiti), Kinyozi (mwakilishi wa wasomaji), Fundi wa mashine, Mhariri (mwajiriwa, hana kura), Katibu (naye hana kura).
Asiyehudhuria: Mwanasheria wa chama. Alituma salamu, hakutuma udhuru.

KUMB. NA. 1/7: KUFUNGUA
Mwenyekiti alifungua kikao baada ya Kinyozi kuombwa aondoke kwenye kiti cha Mwenyekiti. Kinyozi alisema alikuwa anakipasha moto tu.

KUMB. NA. 2/7: BARUA YA MFUKO
Mhazini alieleza kwamba tangu mwasisi alifanye gazeti kuwa mali ya chama cha wakazi wote wa mtaa, matangazo na michango ya wasomaji vinatosha karatasi na wino, havitoshi mishahara. Mfuko wa hisani ulioombwa msaada umejibu kwamba uko tayari kulipa mishahara ya Mhariri na waandishi kwa miaka miwili. Barua inasubiri saini ya bodi yao. Bila fedha hizo, Mhariri atafanya kazi hadi mwisho wa mwezi huu.

Katibu alisoma aya ya mwisho ya barua, ambamo Afisa wa Mfuko anasema amefurahishwa na "utaratibu wenu mzuri wa kutuletea habari tuziidhinishe kabla ya kuchapishwa."

Mwenyekiti aliuliza utaratibu huo ulianza lini. Hakuna aliyejua.

Mhariri alieleza kwamba toleo la Ijumaa lina habari ya wodi ya wazazi iliyojengwa kwa fedha za Mfuko huohuo. Paa linavuja, na kina mama wamehamishiwa kwenye korido. Jumatatu alimpigia Afisa simu, akamsomea sehemu zinazomhusu, kama anavyosomewa kila anayetajwa gazetini. Afisa aliomba atumiwe maandishi. Jana yalirudi yamesahihishwa: "linavuja" limekuwa "linaendelea kuboreshwa", na korido imeondolewa kabisa.

Kwa faida ya Kinyozi, ambaye ni mgeni katika Kamati, Mhazini alikumbusha asili ya desturi hii. Mwasisi aliwahi kuandika kwamba seremala fulani amefariki, kumbe amehama. Seremala alikuja mwenyewe ofisini kuuliza mazishi yake ni saa ngapi. Tangu siku hiyo anayetajwa husomewa. Akionyesha kosa, linarekebishwa. Hana ruhusa ya kubadili kingine chochote.

KUMB. NA. 3/7: MJADALA
Mwenyekiti alishauri Kamati inyamaze. Alisema Afisa ameelewa vibaya mwenyewe, hakudanganywa na mtu. Habari hii moja isubiri bodi isaini, na zinazofuata ziandikwe kama kawaida. Alisema paa litavuja gazeti liwepo lisiwepo, na gazeti likifa hakuna atakayeandika juu ya paa lolote.

Fundi alikiri kwamba hoja hiyo ina uzito na kwamba hakulala akiifikiria. Lakini aliuliza: wakisaini wakiamini wanaidhinisha, siku watakapokataa habari nyingine tutawaambia nini?

Mwenyekiti alisema ni rahisi kuwa mkaidi kwa mshahara wa mtu mwingine. Mhariri alijibu kwamba mshahara ni wake, na ni yeye anayeomba Afisa aelezwe ukweli kabla ya saini.

Mhazini alimwambia Mwenyekiti, "Baba yako angekuwa ameshashika simu." Mwenyekiti alijibu, "Shangazi, Baba aliwapa watu wote gazeti. Mimi akaniachia kiti."

Kinyozi alisema haoni ugumu uko wapi: kama desturi ni kuwasomea watu, basi huyo mama wa Mfuko asomewe tena, na safari hii aambiwe kusomewa ni nini. Kura zilipigwa. Watatu walikubali. Mwenyekiti hakupiga.

KUMB. NA. 4/7: SIMU
Afisa alipigiwa simu hapohapo, sauti ikisikika kwa wote, naye akaelezwa hivyo. Mazungumzo yalikuwa haya:

"Kwa hiyo sikuwa naombwa ruhusa?"
"Hapana, mama," alisema Mhariri. "Ulikuwa unasomewa."
"Na masahihisho yangu?"
"Moja tumelichukua. Vyumba vinavyovuja ni viwili, tuliandika vitatu. Asante. Mengine hayakuwa makosa."
"Mnajua bodi haijasaini?"
"Tunajua."

Afisa aliomba asomewe tena sentensi ya korido. Alisomewa. Alisema wakati wa mvua za mwanzo aliarifiwa kuhusu paa na hakwenda kuangalia, na kwamba hilo nalo liandikwe kwa kuwa ni kweli. Kuhusu fedha, alisema atapeleka barua kwenye bodi bila aya ya mwisho, na hawezi kuahidi chochote.

KUMB. NA. 5/7: MAAZIMIO
Habari ya paa itoke Ijumaa, ukurasa wa kwanza, pamoja na maneno ya Afisa. Mhariri aendelee na kazi hadi mwisho wa mwezi, na Kamati ikutane tena bodi ikishajibu, vyovyote itakavyojibu.

KUMB. NA. 6/7: KUFUNGA
Kikao kilifungwa saa kumi na mbili kasoro robo, Fundi alipohitaji kuwasha mashine.

Kabla ya kusaini, Mwenyekiti alisomewa sehemu zinazomhusu. Aliomba maneno yake juu ya baba yake na kiti yaondolewe. Katibu alimuuliza kama yana kosa. Alifikiri, akasema hayana.

Yameachwa yalivyo.

(Saini) Mwenyekiti
(Saini) Katibu