Karanga Nyekundu za Bibi

Jumatatu, 5 Mei
Palizi tena. Jembe langu linakwenda kama pikipiki, Mkata nzima hakuna wa kunifikia. Ila karanga za bibi zimedumaa. Majani ya njano, yamejikunja, chini yake vidudu. Bibi anasema jua. Jua gani na mvua hii? Nimekasirika.

Jumatano, 7 Mei
Yule mama mtafiti aliyechukua mbegu zetu mwaka jana akazisome vinasaba, kaja na majibu. Na mimi nilishatangaza kijiweni kwamba karanga za bibi ni ukoo wa peke yake! Eti hapana. Karanga zote tunazolima zilitoka Amerika ya Kusini. Zamani sana mimea miwili ya porini ilizaana, zote hizi ni uzao wake. Ndiyo maana zinafanana mno, ugonjwa ukiijua moja umezijua zote. Na za bibi zimezidi kufanana, kwa sababu kila msimu anabakiza nyekundu kubwa tu. Nyingine anakaanga, anaziita takataka. Mtafiti kamwambia bibi usoni! Bibi akamkaribisha uji. Mimi ningemkaribisha mlango.

Jumamosi, 10 Mei
Shamba limekwisha. Nimeng'oa mstari mzima, chini hamna kitu. Mbegu hii bibi alikuja nayo alipoolewa. Hatutavuna hata ya kupanda. Halafu ng'ambo ya mfereji, kwa Mama Zaina, Mshambaa wa Bungu, mashina kadhaa ya kijani kabisa! Yeye anachanganya nyekundu, nyeupe, za mistari. Nilimcheka tangu tunapanda, nikamwambia analima chakula cha kuku. Leo zamu yake: "We Mzigua, karanga zako zimelala? Ziamshe basi, jua limetoka!" Nimetupa jembe. Masikio yanawaka. Kinachoniudhi zaidi, anasema kweli.

Jumapili, 18 Mei
Bibi kanituma nikaombe mbegu. Mimi! Shikamoo niliitoa nikitazama chini. Mama Zaina akaitika marahaba, hakucheka. Kanijazia bakuli la akiba yake ya mwaka jana, rangi zote, kasema tusichague.

Bibi alikaa chini na ungo. Vidole vikaanza vyenyewe kutenga nyekundu. Vikasimama. Akazirudisha. Akaleta zake zilizosalia, kiganja kimoja, akazimwaga humo humo.

Na mimi nikamshikia ungo.