Kwa Baba Ochi Katsunori: Almasi ya Kumi na Mbili

Mwaka umetimia, Baba, tangu asubuhi ile ya tarehe sita Februari ulipotutoka hapa Matsuyama, ukaacha swali kitandani hospitalini: "Ile ya kumi na mbili imeshika?"

Miaka thelathini na moja maabarani ulibana tone la maji, dogo kuliko chembe ya chumvi, kati ya ncha za almasi, ili wataalamu wajue maji yanakuwaje ndani kabisa ya sayari ya Neptuni, kusikofika mtu. Skrubu ya kuzibana uliikaza kidogo tu, kisha ukaenda kunywa chai. "Yape nafasi yazoee," ulisema.

Mimi Mizuho ulinifundisha hayo kwa tonge la wali, nilipotaka kuacha masomo ya jioni kwa sababu ya mtoto. Ukibana kwa pupa, punje zinapondeka. Ukilegeza ovyo, tonge linamwagika. Nagi ukambeba wewe mgongoni, nami nikaenda darasani. Machi hii namaliza, Baba.

Almasi zilivunjika. Kumi na moja kwa jaribio lile moja, na hukutupa hata moja. Kila tarehe nane Februari, kina mama wanapopeleka hekaluni sindano za kushonea zilizovunjika na kuzichomeka kwenye tofu, kipande laini cha soya, zipumzike, nawe ulikuwa kwenye foleni na kibahasha chako. Mwenzako Kamoshida alikutania:

"Mzee Ochi, hata almasi unazifanyia matanga?"

"Ungebanwa wewe hivyo, ungedai na shada la maua!"

Ya kumi na mbili uliikaza mwenyewe, ukaugua kabla ya zamu yake kwenye eksirei. Novemba Kamoshida alikuja, akapiga magoti mbele ya picha yako.

"Mzee, imeshika. Maji yaligeuka barafu, barafu ya moto isiyoyeyuka kwa mbano ule, tukaiona siku nzima. Almasi ilivunjika wakati tunalegeza."

Mama akamuuliza, "Mlikunywa chai kwanza?"

Akainamisha kichwa. "Tulifanya haraka, mama."

Keshokutwa tunaipeleka hekaluni. Kamoshida atakuwepo. Nagi, ambaye huwaambia watu kwamba babu yake alikuwa anabana sayari, ataichomeka kwenye tofu kwa mkono wake. Tutakunywa chai kwanza.

Unakumbukwa na mkeo Sadae, binti yako Mizuho, mkweo Toshiki, mjukuu wako Nagi na dada yako Fusae wa Uwajima.

Siku zote u pamoja nasi, Baba. Imeshika.