Udongo Chini ya Ua la Mwambani

Jumatatu, 8 Machi 1993

Nimeficha jambo kwa miaka tisa. Nyuma ya picha ya ua la mwambani niliandika kwamba linaota kwenye bonde la Ludole. Halioti huko. Nilikosea kuandika. Nilikuwa nimechoka.

Asubuhi nimesaga manjano kidogo. Miguu haina kazi tena. Felista, binti wa marehemu dada yangu, ndiye anayenitunza hapa Mlali. Ananikalisha dirishani, ananiwekea ubao na jiwe la kusagia. Naona mlima, ukungu, na malori yanayosubiri kabichi za Dar. Dunia yangu imebaki na upana wa dirisha.

Bwana Mrisho wa mradi wa misitu alikuja kutoka mjini. Aliniletea sanduku la rangi za dukani, za kutoka nje. Siku hizi maduka yamejaa kila kitu, anasema. Nimelirudisha. Mimi natumia utomvu wa mgunga, mizizi, matunda na udongo. Na udongo nauchota palepale ua lilipoota. Hilo nimewaambia watu tangu picha ya kwanza. Wafadhili wanalipenda kuliko maua yenyewe.

Ameniachia picha ya ua la mwambani niitengeneze. Wataichapa kwenye kalenda. Zambarau ya petali imefifia, karibu kijivu. Udongo chini yake haujafifia hata kidogo.

Na habari nyingine. Jumatatu ya wiki mbili zijazo, tarehe 22, watajenga nguzo za saruji kwenye mpaka wa Ludole. Hadi leo vilikuwa vigingi vya mti.

"Ni kwa ajili ya ua lako, Mwalimu," akasema.

Nikasema ahsante.

Jumatano, 10 Machi

Familia kumi na moja zililima Ludole. Picha yangu ilipofika mjini, bonde likatangazwa kuwa la hifadhi, vigingi vikapigwa, wakateremshwa. Waliambiwa ni kwa muda, uchunguzi unaendelea. Bado wanasubiri. Kigingi cha mti unaweza kuking'oa. Saruji ni mwisho wa maneno.

Miguu imevimba. Daktari anasema ni moyo. Hakusema muda uliobaki. Sikuuliza.

Ijumaa, 12 Machi

Amekuja Mama Deo. Ni mmoja wa wale wa Ludole. Sasa anaishi Kingolwira, kwenye joto, na kuuza mboga sokoni mjini.

"Shikamoo, Mwalimu. Bado upo? Huko sokoni walishakuzika."

"Marahaba. Walisahau kuniambia."

Akacheka mpaka akakaa. Kisha akasema siku hizi ananunua kabichi kwa watu wa malori ili aziuze. "Mimi! Kununua kabichi! Mama yangu angenichapa."

Amesikia habari ya saruji. Anataka nimwandikie barua ya kuomba wafikiriwe, kwa kuwa mimi ndiye mwenye ua. Nikamwambia nitaona. Halafu akasema, "Hebu nionyeshe basi hilo ua lililonifukuza."

Felista akampa picha. Ua hakuliangalia sana. Aliangalia chini yake, akaisogeza picha kwenye mwanga.

"Ludole hatuna udongo mwekundu, Mwalimu. Wetu mweusi, ukiushika unapaka kama masizi. Nimeulima tangu sijavunja ungo." Akanitazama. Kisha akaniachia mlango wa kutokea. "Au uliazima kwa jirani?"

"Labda," nikasema.

Labda! Mtu mzima wa miaka sabini na sita.

Felista alikuwa amesimama na sinia la chai. Alikuwa ametoka shamba. Miguu yake ilikuwa na udongo uleule wa kwenye picha.

Jumamosi, 13 Machi

Padre alikuja kuniungamisha, ni Kwaresima. Nilitaja hasira. Nilitaja kiburi. Ludole sikuitaja.

Basi niandike hapa. Udongo ule ni wa shamba la ukoo wetu, huko juu. Mama alililima, dada akalilima, sasa Felista. Kwetu ardhi hupita kwa wanawake. Mimi nilikuwa nakwenda kula mahindi tu. Ua lipo mpaka leo chini ya jabali, mashina machache. Felista hupalilia pembeni na kuyaruka, kwa sababu mama yake alimwambia, usiguse, ni ua la mjomba.

Kila ninachokula kinatoka pale. Karoti, maharage, hata majani ya chai anayanunua kwa mboga za pale. Nikisema, vigingi vitahamia kwake. Nikinyamaza, saruji itamaliza Ludole. Siwezi kwenda mbele wala nyuma, na kusimama kwenyewe siwezi.

Nilikosea kuandika, kosa likatufaa, nikaliacha. Ni hivyo.

Namwogopa Felista kuliko ninavyoogopa kufa.

Jumatatu, 15 Machi

Leo nimefanya jambo la aibu. Petali nimezimaliza, kwa zambarau za mwisho za msimu. Zimependeza. Kisha nikasaga mkaa, nikachanganya na utomvu, nikaanza kupaka udongo uwe mweusi. Nilianzia kona ya kushoto.

Mstari mmoja tu. Nikafuta kwa kitambaa chenye maji. Mkaa ukatoka wote. Wekundu ukabaki palepale.

Jumatano, 17 Machi

Siku tano Felista hakusema kitu. Leo, akinifunga mto mgongoni, amesema.

"Mjomba, udongo wa kwetu unafanya nini kwenye picha ya Ludole?"

Nikamwambia nilikosea kuandika.

"Miaka tisa, mjomba?"

Akasema wale watu wana watoto. Nikasema, na wewe unao.

"Wanangu waache hukohuko walipo. Usijifichie nyuma yao."

Hakuniambia niseme. Hakuniambia ninyamaze. Alichukua jembe akaondoka. Nilimwona akipanda mpaka alipopotea kwenye migomba. Nilikaa nimeelekea dirishani mpaka aliporudi. Ningependa kugeuka, lakini mtu wa kunigeuza ndiye huyo.

Alhamisi, 18 Machi

Kifua kizito. Sikushika brashi. Nimeiweka picha mapajani, uso chini. Neno Ludole nimeliandika kwa mwandiko mzuri sana. Hakuna aliyechoka anayeandika vile.

Ijumaa, 19 Machi

Nimesema.

Bwana Mrisho alipofika kuchukua picha, nilikuwa tayari nimelikata neno na kuandika mahali penyewe chini yake. Alisoma. Akakaa. Akaniuliza mara mbili kama nina homa. Kisha akasema, kama mtu aliyeibiwa, "Mwalimu, saruji iko kwenye gari."

Nikamwambia airudishe. Nikamwonyesha wekundu wa udongo, nikamwambia apande Ludole achote udongo wa huko, alinganishe. Hahitaji kuniamini mimi.

Ataisimamisha kazi. Na Jumatatu watapanda shambani kwa Felista kuona ua na kupima. Nilimsihi waache mashamba, walinde jabali peke yake, maana Felista amelilinda miaka yote bila kigingi hata kimoja. Aliandika hilo. Hakuahidi.

"Kwa hiyo ilikuwa makosa ya kuandika tu?" akauliza, kalamu mkononi.

"Ndiyo."

Hata hapo.

Felista alikuwa uani, akichambua maharage. Alisikia yote. Mikono haikusimama.

Jumapili, 21 Machi

Mvua nyepesi. Mlima hauonekani.

Felista ametoka misani. Hakusema shikamoo. Tangu ajue kuzungumza ni mara ya kwanza. Uji aliuleta, wa moto, akaniwekea mkononi na kukishikilia kikombe mpaka vidole vyangu viliposhika. Kisha akanigeuza kutoka dirishani, bila kuombwa. Sasa natazama chumba. Jiwe la kusagia limeoshwa.

Nilimwambia Bwana Mrisho nilikosea. Nilimwambia Felista nilikosea. Kitabu hiki nimekiambia hivyo mara mbili.

Siku ile sikuwa nimechoka. Ilikuwa asubuhi. Nilikaa juu ya jabali la mama yangu, ua liko mbele yangu, rangi bado mbichi. Nilijua wakiona jina la mahali watakuja kupachukua. Nikafikiria, bonde gani halina mtu wa ukoo wetu.

Nikaandika Ludole.